Setilaiti zinavyosaidia wakazi kukabiliana na makali ya joto

JOTO kali huua kimyakimya. Mafuriko huacha nyumba zilizobomoka na ukame huacha mizoga ya mifugo, lakini mtu anayeuawa na joto mara nyingi hurekodiwa kuwa amefariki kwa maradhi ya moyo, figo au mapafu.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa afya na mipango ya miji wamegeukia setilaiti ili kutambua mitaa iliyo hatarini zaidi kabla msimu wa joto haujawadia.

Setilaiti haitumii kipimajoto cha kawaida. Kila kitu, kiwe paa, lami au mti, hutoa miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Mitambo iliyo angani hunasa miale hiyo, kisha wataalamu hukadiria kiwango cha joto cha uso wa ardhi.

Miongoni mwa setilaiti zinazotumiwa sana ni Landsat 8, iliyorushwa mwaka wa 2013, na Landsat 9 iliyofuata mwaka wa 2021. Zote huizunguka dunia zikiwa umbali wa kilomita 705 kutoka ardhini, na kwa pamoja hupita juu ya kila eneo baada ya siku nane. Tangu mwaka wa 2008, picha za Landsat hutolewa bila malipo.

Mtambo mwingine, ECOSTRESS, ulifungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mwaka wa 2018. Ubora wake ni kwamba hupima saa tofauti za mchana na usiku.

Usiku wa Mei 5, 2022, ulionyesha sehemu za jiji la Delhi, India, zikiwa na joto la hadi nyuzi 39 za sentigredi, ilhali mashamba ya karibu yalikuwa yamepoa hadi nyuzi 15. Usiku wa aina hiyo ni wa hatari, kwani mwili uliochomwa na jua kutwa nzima haupati nafasi ya kupoa.

Hata hivyo, ramani pekee haiokoi maisha. Mfano wa hatua zinazohitajika ni Ahmedabad, jiji jingine la India. Mnamo Mei 2010, joto lilifika nyuzi 46.8 huko, na vifo vya mwezi huo vikapita vya kawaida kwa 1,344.

Mwaka wa 2013 jiji hilo lilizindua mpango wa kutoa tahadhari mapema, kuwapa wahudumu wa afya mafunzo na kuwahamasisha wananchi. Baadaye mapaa ya nyumba za maskini yalipakwa chokaa ili kurudisha miale ya jua. Tathmini iliyochapishwa mwaka wa 2018 ilikadiria kwamba mpango huo uliepusha wastani wa vifo 1,190 kwa mwaka.

Data za setilaiti husaidia kuamua chokaa ianze kupakwa wapi, miti ipandwe wapi na maji ya kunywa yawekwe wapi. Ramani ya joto hulinganishwa na ramani za miti, idadi ya watu na umaskini, na mahali zinapokutana ndipo msaada unapohitajika kwanza.

Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Setilaiti huona paa, haimwoni aliye chini yake. Mawingu huzuia miale, nazo Landsat hupita asubuhi, kabla joto halijafikia kilele.

Isitoshe, mabati mapya yanayong'aa hutoa miale michache ya joto. Mtambo unaweza kuyasoma kuwa yamepoa, hali wenye nyumba wanaungua ndani. Mtaa wa mabanda unaweza hivyo kuachwa nje ya orodha ya walio hatarini.

Jijini Nairobi, watafiti waliweka vipimajoto katika mitaa ya Kibera, Mathare na Mukuru wakati wa msimu wa joto wa 2015 na 2016. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2017 yalionyesha kuwa joto la mitaa hiyo lilizidi lile la kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti kwa nyuzi kadhaa.

Kwa hivyo, miradi inayofaa huanza na picha za angani na kumalizia vichochoroni. Vipimajoto vya bei nafuu huning'inizwa ndani ya nyumba, na wakazi huulizwa ni saa ngapi watoto hushindwa kulala, wazee wanaoishi peke yao wako wapi, na kivuli kiko wapi.

Majibu hayo hurekebisha ramani kabla ya pesa kutengwa. Bila hayo, miti hupandwa palipo rahisi kupanda, si pale panapochoma zaidi.