Uwanja Upo Bujora, Filamu Zipo: Aitwe Manju

Picha zinazotembea zilifika vijijini Tanganyika juu ya lori. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham walianza kuendesha mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Hadi 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35 hivi, kuhusu safura, kilimo, hata akiba ya posta. Sauti haikuwa ndani ya mkanda. Ilitoka kwenye santuri, kwa Kiswahili au lugha nyingine kulingana na wasikilizaji. Somo lilikuwa la mkoloni, lakini watazamaji wetu walianza hivyo: picha huku, msemaji kule.

Vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mitaani, viliendeleza desturi hiyo. Filamu ya kigeni haikunoga mpaka msimulizi kama DJ Lufufu aitie maneno ya mtaani, na wengi walilipa kiingilio kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya nyota wa filamu.

Katuni za kompyuta nazo zimekuja kwetu kama mwalimu. Ubongo Kids ya Dar es Salaam ilianza kurushwa TBC1 mwaka 2014, ikifundisha hesabu kwa nyimbo. Ni kazi ya kuheshimiwa. Ila sanaa hii ina upande mwingine, ule wa filamu za majaribio zinazoonyeshwa kwenye makumbusho ya miji mikubwa, na huo haujatufikia Simiyu.

Chukua La Faim, yaani Njaa, ya Peter Foldes, iliyotengenezwa Kanada na kutoka mwaka 1974. Foldes alichora picha ya mwanzo na ya mwisho ya kila mwendo. Kompyuta ya watafiti wa Ottawa, Nestor Burtnyk na Marceli Wein, ikajaza picha za katikati. Mtu anakula. Anaongeza, anavimba, mistari ya mwili wake inayeyuka na kugeuka kitu kingine, mpaka anaota wenye njaa wakimla yeye. Dakika 11, hakuna neno hata moja. Mtu wa Meatu, hapa Simiyu, anayeujua mwaka wa ukame, hahitaji kuelezwa inahusu nini.

Au Yellow Fever ya Mkenya Ng'endo Mukii, ya mwaka 2012, inayochanganya michoro na miili ya wachezaji halisi. Chimbuko lake ni msusi wa utotoni mwake aliyejipaka mkorogo: uso umekuwa mweupe, vidole vimebaki na weusi wake. Mkorogo unauzwa na kwetu pia. Filamu hii ingezua mjadala mkali Bariadi, na ndivyo inavyotakiwa.

Makumbusho tunayo jirani. Ukitoka Bariadi ukapita Lamadi na Magu, unafika Kisesa, ilipo Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Pana uwanja wa ngoma ambako makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu hushindana wakati wa sikukuu ya Bulabo. Ningetundika turubai jeupe hapo jioni. La Faim ionyeshwe kwanza kimya, halafu irudiwe mara mbili: mara ya kwanza manju, yaani kiongozi wa ngoma, wa Bagika aisimulie kwa Kisukuma, mara ya pili wa Bagalu. Atakayevuta watu wengi upande wake ndiye mshindi, kama ilivyo siku zote kwenye ngoma.