Gome Linaloota Tena: Mutuba, Miti ya Dawa na Haki ya Kupanda katika Buganda

Historia ya matumizi ya mimea katika eneo ambalo leo ni jiji la Kampala na wilaya zinazolizunguka husimuliwa mara nyingi kama historia ya heshima, yaani kwamba wazee waliiogopa misitu yenye mizimu, wakaienzi miti, na kwa sababu hiyo wakavuna kwa kiasi. Maelezo hayo yana sehemu yake ya ukweli, lakini hayatoshi, kwa kuwa hayaonyeshi ni kwa nini watu walewale, wenye imani zilezile, waliutunza mti mmoja kwa ustadi mkubwa kizazi baada ya kizazi, huku miti mingine waliyoithamini kwa dawa ikibambuliwa magome hadi ikakauka. Mti wa kwanza ni mutuba, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus natalensis, na ambao gome lake la ndani ndilo hutengenezwa nguo iitwayo lubugo. Miongoni mwa miti ya kundi la pili imo mukuzanume, yaani Warburgia ugandensis, na ngwabuzito, yaani Prunus africana. Yote mitatu huvunwa gome, na yote mitatu yaweza kufa kwa kisu kimoja kibaya. Kilichoitenganisha ni swali la nani aliupanda mti, na katika ardhi ya nani.

Mapokeo ya Buganda huihusisha sanaa ya lubugo na zama za Kabaka Kimera, mmoja wa wafalme wa mwanzo kabisa, na huukabidhi ufundi huo kwa ukoo wa Ngonge, yaani ukoo wa fisi-maji, ambao kiongozi wa mafundi wake, aliyerithi cheo cha Kaboggoza, aliiletea ikulu nguo za magome. Kwa masimulizi yaliyokusanywa na mmisionari John Roscoe katika kitabu chake cha 1911 juu ya Waganda, nguo hizo hapo awali zilivaliwa na wakubwa tu, hadi Kabaka Ssemakookiro, aliyetawala kuelekea mwisho wa karne ya 18, alipoamuru watu wote wapande mituba na kuvaa lubugo. Amri hiyo yastahili kuzingatiwa kuliko inavyozingatiwa kwa kawaida, kwa sababu ndani yake mahitaji ya nguo na wajibu wa kupanda yalifungwa pamoja: aliyetaka kuvaa alilazimika kwanza kuwa na mti.

Mutuba ulikubali utaratibu huo kwa tabia yake. Huota kutokana na kipandikizi kikubwa, yaani tawi nene linalokatwa na kusimikwa ardhini wakati wa mvua, na hukua vizuri katikati ya migomba, na baadaye katikati ya mibuni, ambako kivuli chake chepesi huikinga mimea iliyo chini na jua kali. Kwa hiyo haukuhitaji shamba la peke yake. Uliingia ndani ya kibanja, yaani kipande cha ardhi ambacho familia hukaa na kulima, ukawa pia alama ya mpaka kati ya jirani na jirani. Kama ilivyo katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, kupanda mti wa kudumu kulikuwa ni kuthibitisha haki juu ya ardhi. Mituba iliyokua safu kwa safu ilikuwa ushahidi kwamba mtu fulani, au baba yake, alikuwa hapo.

Namna ya kuvuna ndiyo inayodhihirisha kina cha maarifa hayo. Katika majira ya mvua, wakati utomvu ni mwingi na gome hubanduka kwa urahisi, mukomazi, yaani fundi wa lubugo, hukwangua kwanza ganda gumu la nje, kisha hukata duara moja chini ya shina na jingine juu, akapasua mstari mmoja wa wima kati ya hayo mawili, na kulibambua gome lote kwa kifaa kilichochongwa, akichunga asiukwaruze mti uliobaki mtupu. Uangalifu huo wa mwisho ndio uhai wa mti. Gome ndilo hupitisha chakula kinachotengenezwa na majani kwenda mizizini, na mti wowote unaobambuliwa kuzunguka shina lote hukabiliwa na njaa ya mizizi. Lakini mutuba una uwezo wa kuotesha gome jipya kutoka kwenye utando laini wa chembehai unaosalia juu ya mti, mradi utando huo usikatwe wala usikaushwe na jua. Kwa hiyo fundi, kabla hajashughulikia gome alilolipata, huufunika mti aliouvua kwa majani mabichi ya mgomba na kuyafunga kwa kamba, na wengine hupaka samadi ya ng'ombe kwenye sehemu zilizojeruhiwa. Baada ya siku kadhaa majani huondolewa, gome changa likiwa limeanza kufunika shina, na mwaka unaofuata mti waweza kuvunwa tena. Mavuno ya kwanza hutoa nguo ya kukwaruza. Yanayofuata hutoa iliyo laini zaidi, na mti uliotunzwa vyema huweza kuvunwa mara zipatazo 40 katika maisha yake. Hapa uvumilivu ulilipwa moja kwa moja, kwa kuwa mti mzee uliohifadhiwa ulikuwa na thamani kubwa kuliko mti mchanga uliovunwa kwa pupa, na aliyefaidika na thamani hiyo ni yuleyule aliyeuhifadhi au mwanawe.

Kazi iliyobaki hufanyika ndani ya kibanda kilicho wazi pande zote, kilichoezekwa ili gome lisikauke haraka. Gome hulainishwa kwa moto au kwa kuchemshwa, hulazwa juu ya gogo refu, kisha hupondwa kwa saa nyingi kwa nsaamu, yaani nyundo za mti zenye mifuo kuzunguka kichwa chake, ikianza nyundo ya mifuo mipana na kumalizia ile ya mifuo myembamba, hadi kipande chembamba kinapanuka mara kadhaa na kuwa shuka la rangi ya udongo mwekundu. Mnamo 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi usioshikika wa binadamu, na 2008 ukaingizwa katika orodha yake rasmi.

Nguo za pamba zilikuwa zimeupunguza ufundi huu muda mrefu kabla ya tangazo hilo. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifika katika ikulu ya Kabaka Suuna mnamo miaka ya 1840, na vitambaa kama merikani vikatangulia kuvaliwa na wakuu. Wamisionari na shule zao wakaifanya kanzu kuwa vazi la heshima, na kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima wa Buganda wenyewe wakaanza kulima pamba ya kuuza. Hata hivyo lubugo halikutoweka, kwa kuwa lilibaki kuwa sanda, vazi la matambiko, na nguo ya waganga. Kabaka Mutesa II alipopelekwa uhamishoni Uingereza na serikali ya kikoloni mwaka 1953, watu walilivaa kama vazi la msiba na upinzani. Kufutwa kwa falme mwaka 1967 kulipunguza mahitaji ya sherehe, na kurejeshwa kwake mwaka 1993 kukayaongeza. Katika vipindi vyote hivi mituba ilisimama vibanjani, ikitoa kivuli kwa kahawa, ikimsubiri fundi. Matumizi yake mengine ndiyo yaliyoilinda wakati soko la nguo lilipolala.

Makaburi ya Kasubi, yaliyo kilomita chache kutoka katikati ya Kampala, yaonyesha uzito wa nguo hii. Hapo Mutesa I alijenga ikulu yake mwaka 1882, hapo alizikwa mwaka 1884, na baada yake wakazikwa makabaka wengine watatu. Ndani ya jumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, pazia la lubugo hutenganisha sehemu ya wageni na sehemu takatifu inayoitwa kibira, yaani msitu, ambamo wafalme huaminika kuwa wanaishi. Moto wa tarehe 16 Machi 2010 uliliteketeza jumba hilo, na ujenzi wake upya ulidai miaka mingi. Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2023. Uwezo wa kulijenga upya ulitegemea, pamoja na mengine mengi, kuwapo kwa mafundi na miti ya kuwapa kazi.

Dawa za Buganda ziligawanyika katika njia mbili ambazo wanahistoria wa tiba hawazitenganishi vya kutosha. Njia ya kwanza ni ya nyumbani. Mululuza wenye majani machungu, mujaaja wenye harufu kali, kigagi ambacho ni aina ya mshubiri, na bombo linalotambaa juu ya ua, vyote hupatikana karibu na nyumba, na kutokana na mimea ya jinsi hiyo akina mama huandaa ekyogero, yaani maji ya dawa ya kumwogeshea mtoto mchanga. Mimea hii huchumwa majani, huchipua upesi, na haijapata kuwa adimu. Njia ya pili ilikwenda msituni kutafuta magome na mizizi, ambayo waganga waliyatwanga, wakayachanganya na udongo na kuyafinyanga kuwa emmumbwa, vijiti vikavu vinavyosuguliwa majini kila dawa inapohitajika. Biashara ya emmumbwa ingali hai katika masoko ya Kampala, hasa Owino, na jiji lilivyokua ndivyo wanunuzi wa dawa walivyozidi na misitu iliyokaribu ilivyopungua.

Misitu hiyo ilikuwa na mwenyewe wa aina nyingine. Mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa ardhi ya mailo, yaani ardhi ya kumilikiwa kwa kudumu, kwa Kabaka, machifu na watu mashuhuri, lakini misitu ikawekwa chini ya serikali ya himaya ya Uingereza. Tangu hapo mchumaji wa gome la mukuzanume katika msitu kama Mabira, ulioko kati ya Kampala na Jinja, alikuwa mgeni anayetazamwa kwa shaka, ambaye hakuweza kuufunika mti kwa majani na kurudi baada ya wiki kuutazama. Alilochukua siku ile ndilo lake. Alilobakiza lilikuwa la mwingine. Si ujinga uliomfanya abambue gome kuzunguka shina lote, bali hesabu, na lawama zinazomwangukia yeye peke yake si za haki. Mwaka 2007, mpango wa serikali wa kukata sehemu ya Mabira kwa ajili ya mashamba ya miwa ulipozua maandamano Kampala, ilidhihirika kwamba hata mwenye mamlaka juu ya msitu aweza kuuhesabu kwa njia hiyohiyo.

Ngwabuzito ulikutana na shinikizo kubwa zaidi, kwa sababu gome lake, linalotumika katika dawa za uvimbe wa tezi dume, lilipata soko Ulaya kuanzia miaka ya 1960, na mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya usimamizi wa mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Orkidi zote nazo zimo katika mkataba huo, na nyanda za juu za kusini mwa Tanzania zimeonja jambo baya zaidi: viazi vya orkidi vinavyosafirishwa kwenda Zambia kutengenezwa chakula kiitwacho chikanda hung'olewa pamoja na mmea wenyewe, hivyo hakuna kinachobaki cha kuota tena.

Huko Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, ilijaribiwa njia nyingine. Msitu ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, wenyeji walizuiwa, kisha katika miaka iliyofuata wakaruhusiwa kuvuna mimea ya dawa na ya kusukia katika maeneo maalumu kwa makubaliano, ikiwemo nyakibazi, ambayo gome lake hutibu minyoo. Makubaliano yale yaliwarudishia sehemu ya kile ambacho mwenye mutuba alikuwa nacho daima, yaani uhakika kwamba atarudi.

Kuuleta mti wa msituni kibanjani ni kazi ngumu zaidi. Ngwabuzito huhitaji takribani miaka 15 kabla gome lake halijafaa kuvunwa, na muda huo humdai mpandaji ardhi asiyohofia kuipoteza. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1928 iliwapa wapangaji wa mailo ulinzi wa kurithisha vibanja vyao. Amri ya ardhi ya 1975 iliudhoofisha. Sheria ya 1998 ikawatambua tena wakaaji, lakini migogoro kati yao na wamiliki haijakwisha, hasa pembezoni mwa Kampala ambako bei ya ardhi hupanda. Sheria ya 2019 ya tiba asilia na tiba mbadala imeweka utaratibu wa kuwasajili waganga, nayo maabara ya serikali ya dawa za asili iliyoko Wandegeya imeendelea kuchunguza mimea yao, lakini shina la ngwabuzito lililopandwa leo litavunwa na mtu ambaye hati yake ya kibanja bado itakuwa na nguvu.