Duka ndani ya mchezo: Jinsi michezo ya mtandaoni inayodorora inavyojinusuru kwa malipo madogo madogo

NOVEMBA 15, 2012, milango ya mchezo wa kompyuta uitwao Star Wars: The Old Republic ilifunguliwa kwa kila mtu mwenye intaneti, bila ada. Hata hivyo, asiyelipa alipewa safu mbili tu za vitufe vya kupangia mbinu zake za vita. Aliyetaka safu ya tatu alitakiwa kuinunua kwa fedha halisi.

Safu moja ina nafasi 12. Mhusika aliyefika ngazi ya 50, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa ya mwisho, alikuwa na mbinu nyingi kuliko nafasi hizo 24. Kwa asiyecheza, jambo hilo laweza kuonekana dogo mno. Kwa mchezaji ilikuwa sawa na seremala aliyeazimwa karakana bure, kisha akaambiwa randa imefungiwa kabatini na ufunguo unauzwa.

Malalamiko yalianza hata kabla ya siku yenyewe, kwa kuwa mpango wa awali ulikuwa wa kutoa safu moja tu. Kampuni ikaongeza ya pili. Lakini wachezaji walikwisha kuona kwamba kilichouzwa hakikuwa pambo, bali kifaa cha kuchezea.

Mauzo ya namna hiyo ndiyo yanayoitwa malipo madogo madogo, yaani ununuzi wa kitu kisichoshikika ndani ya mchezo, aghalabu kwa dola chache. Huweza kuwa vazi, mnyama wa kupanda, nafasi zaidi ya kuhifadhia vitu, au ruhusa ya kufanya jambo ambalo wengine wanalifanya bure. Mkazi wa mjini aliyezoea kununua mafuta ya kula kwa kupimiwa na muda wa maongezi kwa vocha ndogo hahitaji kufundishwa mantiki yake: anayeshindwa kutoa kikubwa mara moja hutoa kidogo mara nyingi, na mwisho wa mwezi hutokea kwamba ametoa zaidi.

Katika nchi za Magharibi wengi walilisikia jambo hili mara ya kwanza Aprili 2006, kampuni ya Bethesda ilipouza deraya ya farasi kwa dola 2.50 katika mchezo wa Oblivion. Farasi yule alichekwa kwa miaka mingi. Hata hivyo, Oblivion ni mchezo wa mtu mmoja. Ukinunua deraya, hakuna jirani wa kukuonea wivu. Katika mchezo wa watu wengi mambo ni tofauti, kwani kila anachonunua mmoja huonekana, na wakati mwingine huhisiwa, na wenziwe.

Desturi yenyewe ilianzia Asia. Nchini Korea Kusini, kampuni ya Nexon ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuacha kutoza ada na kuuza mapambo ya wahusika, kwanza katika mchezo wa maswali uitwao QuizQuiz uliotoka mwaka 1999, kisha katika MapleStory wa mwaka 2003. Nchini China, mchezo wa ZT Online wa kampuni ya Giant Interactive ulikwenda mbali zaidi: kuingia bure, lakini nguvu za vita zikanunuliwa, na masanduku ya hazina yakafunguliwa kwa kubahatisha. Kampuni hiyo iliingia katika soko la hisa la New York Novemba 2007.

Ili kuelewa kwa nini Wamarekani nao waliifuata njia hiyo, ni lazima kwanza kuelewa jinsi mchezo wa aina hii unavyokufa. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa moja: nunua diski, kisha lipa takriban dola 15 kila mwezi. World of Warcraft wa kampuni ya Blizzard, uliotoka Novemba 2004, ulifikisha waliojiandikisha milioni 12 mwezi Oktoba 2010 kwa mtindo huo. Kila kampuni ikadhani nayo itavuna vivyo hivyo.

Lakini anayelipa ada mbili za dola 15 kwa michezo miwili ni nadra, kwa hiyo karibu kila aliyejaribu mchezo mpya alirudi alikotoka. Mchezaji mmoja akiondoka, anayebaki hapungukiwi na jirani tu. Pango linalohitaji watu wanne halifanyiki wakiwa watatu. Soko la ndani linakosa wauzaji, vikundi vinavunjika, na anayengoja saa nzima kupata wenzake naye anakata tamaa na kuondoka. Ni kama daladala iliyosimama kituoni ikiwa na abiria wawili: wapitao huiona tupu, wakatafuta nyingine.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Dungeons & Dragons Online wa kampuni ya Turbine ya Massachusetts. Ulitoka Februari 2006 na baada ya miaka mitatu ulihesabiwa na wengi kuwa maiti. Septemba 2009 Turbine iliondoa sharti la ada ya mwezi huko Amerika Kaskazini na badala yake ikafungua duka. Yaliyouzwa yalikuwa hasa vifurushi vya visa vipya, yaani mapango na hadithi ambazo mtu angezihitaji baada ya kumaliza zile za bure, pamoja na dawa na vifaa vidogo. Anayetaka aliweza kuendelea kulipa kwa mwezi na kupata vingi kwa pamoja.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndilo lililoleta amani: pointi za dukani ziliweza pia kuchumwa kwa kucheza. Mtu asiye na kadi ya benki, mradi awe na subira, angeweza kumaliza visa, akajipatia sifa mbele ya wakuu wa mji wa Stormreach, akalipwa pointi, kisha akanunua kile kile alichonunua tajiri. Duka halikumfungia mtu mlango. Lilimuuliza tu kama anatoa fedha au muda.

Mwaka 2010 Turbine ilitangaza kwamba mapato ya mchezo huo yameongezeka kwa asilimia 500. La kushangaza zaidi, hata wanaolipa ada ya mwezi waliongezeka, kwa sababu waliokuja bure walijaza mapango, na mapango yaliyojaa yakawa na thamani ya kulipiwa. Kampuni iliuhamishia mtindo huo mchezo wake mwingine, The Lord of the Rings Online, Septemba 2010. Michezo yote miwili ilikabidhiwa kampuni mpya ya Standing Stone Games mwishoni mwa mwaka 2016.

Baada ya hapo karibu kila mchezo uliokuwa ukiyumba uliitazama Turbine. Si wote walioielewa.

Turudi kwa The Old Republic. Ulitengenezwa na BioWare ya Austin, Texas, chini ya kampuni kubwa ya Electronic Arts, na gazeti la Los Angeles Times liliripoti mwaka 2012 kwamba gharama zake zilikaribia dola milioni 200. Wahusika wake wote wanazungumza kwa sauti za waigizaji, jambo ambalo ni ghali kupita kiasi na ambalo mchezaji hulimaliza kwa miezi michache. Ulitoka Desemba 20, 2011, na katika siku tatu za mwanzo watu milioni moja walijiandikisha. Electronic Arts ilitaja waliojiandikisha milioni 1.7 mwanzoni mwa Februari 2012, milioni 1.3 mwezi Mei, na chini ya milioni moja mwishoni mwa Julai. Wafanyakazi walipunguzwa, na seva nyingi zilifungwa na wachezaji wake kuhamishiwa katika seva chache.

Duka lilipofunguliwa, hadithi yote kuanzia ngazi ya 1 hadi ya 50 ilitolewa bure. Hapo kampuni ilikuwa imetoa mkate mzima, hivyo ikabaki kuuza kisu. Asiyelipa aliwekewa kikomo cha fedha za mchezo anazoweza kumiliki, akahesabiwa idadi ya mapambano kwa wiki, akazuiwa kuvaa vifaa bora mpaka anunue kibali, na hata kuficha kofia ya chuma ili uso wa mhusika wake uonekane ikawa huduma ya kulipia. Vikwazo kadhaa vililegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata.

Kwa hesabu za biashara, dawa ilifanya kazi. Mei 2013 Electronic Arts ilisema wachezaji wapya zaidi ya milioni 1.7 wameingia kwa mlango wa bure, wanaolipa ada wametulia karibu na nusu milioni, na wastani wa mapato ya mwezi umezidi maradufu. Mchezo haukufungwa. Mwaka 2023 ulihamishiwa kwa kampuni ya Broadsword, inayojulikana kwa kutunza michezo ya siku nyingi.

Ila mapato hayo hayakutoka katika vitufe peke yake. Bidhaa iliyovuma ilikuwa kifurushi kilichofungwa, ambacho mnunuzi hakujua kilicho ndani mpaka akifungue: labda kiti cha kurukia angani ambacho kila mtu anakitamani, labda takataka. Vilivyotoka humo viliweza kuuzwa tena katika soko la ndani kwa fedha za mchezo, na hivyo asiye na kitu naye akapata njia ya kuvifikia. Ni haki kuutaja utaratibu huo, maana watetezi wa vifurushi hivyo huutaja kila mara. Lakini kwa anayevifungua, kifurushi ni bahati nasibu.

Vilevile hakuna anayelipa dola moja kwa moja. Mnunuzi kwanza hununua sarafu za mchezo, zinazouzwa kwa mafungu, na bei ya kitu aghalabu hailingani na fungu lolote. Zinabaki sarafu kidogo zisizotosha kununua kitu, na masalio hayo ndiyo yanayomrudisha dukani. Pia mtu akishabadilisha dola kuwa sarafu, uchungu wa kutumia hupungua, kama ulivyo wepesi wa kutumia fedha za kigeni ambazo hujaizoea thamani yake.

Ni nani hasa anayelipa? Kampuni ya takwimu ya Swrve ilieleza mwaka 2014 kwamba katika michezo ya simu ya bure, asilimia 0.15 tu ya wachezaji ndio walioleta nusu ya mapato ya ndani ya mchezo. Katika biashara hiyo huitwa nyangumi. Jina hilo limetoka katika kasino, na halikuchaguliwa kwa bahati mbaya. Baadhi yao ni matajiri wanaojifurahisha. Wengine ni watu wasioweza kujizuia, na duka haliwezi kuwatofautisha, au halina haja ya kuwatofautisha.

Serikali zilichelewa kuamka. China iliwataka watengenezaji watangaze uwezekano wa kupata kila kitu kuanzia Mei 2017. Novemba mwaka huo ghadhabu ya wachezaji ililazimisha Electronic Arts kusimamisha mauzo ya sarafu katika Star Wars Battlefront II, usiku wa kuamkia uzinduzi. Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya kubahatisha yanayolipiwa katika michezo mitatu, ukiwamo FIFA 18, yanavunja sheria. Uholanzi ilifuata njia hiyo, lakini Machi 2022 mahakama yake ya juu ya utawala iliifuta faini ya euro milioni 10 iliyokuwa imetozwa Electronic Arts.

Yapo pia mauzo yanayoharibu mchezo wenyewe. APB, mchezo wa polisi na majambazi uliotengenezwa Dundee, Uskoti, na kampuni ya Realtime Worlds, ulitoka katikati ya mwaka 2010 ukiuza saa za kucheza. Kampuni ikafilisika Agosti, na seva zikazimwa Septemba 16. Mnunuzi mpya, K2 Network, aliurudisha mwaka 2011 ukiwa wa bure, lakini dukani ziliuzwa na kukodishwa bunduki. Katika mchezo ambao kazi yake ni kupigana risasi, aliyeuawa na bunduki ya kununuliwa hakuamini tena kwamba alizidiwa ustadi, hata pale alipozidiwa kweli.

Duka halikuwa dawa ya kila mgonjwa. City of Heroes, mchezo wa mashujaa wenye nguvu za ajabu uliotoka Aprili 2004, uliondoa sharti la ada Septemba 2011 na kufungua duka lake. Haukufikisha hata miezi 15. Mmiliki wake, NCSoft ya Korea Kusini, alitangaza kuufunga Agosti 31, 2012 na kuivunja studio ya Paragon siku hiyo hiyo. Wachezaji walikusanyika ndani ya mji wao wa kubuni, wahusika wao wakiwa na mienge mikononi, kuomba usifungwe. Ulizimwa Novemba 30. Vilivyonunuliwa dukani kwa mwaka mzima, mavazi, nguvu na nafasi za wahusika, vilitoweka pamoja na mji, kwa sababu mnunuzi hakuwa amemiliki kitu. Alikuwa amepewa kibali cha kukitumia.

Mwaka 2019 ilibainika kwamba programu ya seva ya mchezo huo ilikuwa imehifadhiwa kwa siri, nayo ikavuja. Wapenzi wake waliojiita Homecoming wakafungua seva zao, na Januari 2024 wakatangaza kwamba NCSoft imewapa leseni rasmi. Hakuna ada wala duka. Kila mwezi hutangaza gharama za seva na kupokea michango; kiasi kinachohitajika kikitimia, mchango unafungwa hadi mwezi unaofuata.