Keezo na Fundi Wake

Hapo kale, kabla moshi wa garimoshi haujaonekana pwani yetu, mafundi wa Lamu walikereza miguu ya vitanda kwa keezo la uta. Fundi aliketi chini, akauzungusha mti kwa upote wa uta kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika patasi, akiitegemeza kwa mguu. Mti ulizunguka mbele na nyuma, nayo patasi ilikata ulipokuja mbele tu. Kipimo chake kilikuwa jicho, na mtaji wake subira.

Huko Uingereza, yapata mwaka 1797, Henry Maudslay aliunda keezo la chuma la kukatia parafujo. Kisu hakikushikwa tena kwa mkono, bali kilifungwa juu ya kishikio kilichosogezwa kwa parafujo ndefu, kikakata kwa kipimo kile kile kila mara.

Elimu hiyo ilitufikia pamoja na reli. Mwaka 1896 daraja la miti lilijengwa Makupa, na garimoshi likavuka kutoka kisiwani kwenda Changamwe. Mwaka 1899 makao makuu ya reli yalihamia Nairobi. Tena, mwaka 1963 mtambo wa kusafisha mafuta ulianza kazi Changamwe. Mwaka 2013 ukasimama. Hivyo ndivyo ilivyo: mitambo mikubwa huja na kuondoka, lakini ujuzi hubaki mkononi mwa aliyejifunza.

Je, kijana wa Likoni au Kisauni asiye na karakana aanzie wapi? Na aanze na keezo dogo la nyumbani. Huko Uingereza, tangu mwaka 1898, jarida la Model Engineer liliwafundisha hata watu wa kazi ya kalamu kukereza vyuma kwa burudani, wakati wa jioni.

Keezo lifungwe juu ya meza imara isiyotikisika. Mwanafunzi aanze na shaba au alumini, asikimbilie chuma kigumu. Akinoe kisu, na ncha yake aiweke sawa na kitovu cha kipande kinachozunguka. Apime kabla ya kukata, kisha apunguze kidogo kidogo, maana kilichokatwa hakirudi. Avae miwani, wala asivae nguo yenye mikono inayoning'inia. Zaidi ya yote, autoe ufunguo katika taya zinazobana kipande kabla ya kuwasha mashine; akiusahau, utaruka kama jiwe la kombeo.

Kazi ya kwanza pengine itaharibika, na ya pili pia. Lakini siku atakapokereza parafujo ikaingia katika nati yake bila kukwama wala kulegea, atakuwa amemrithi yule mzee wa Lamu. Na mvuvi wa Likoni, ambaye mashine ya mashua yake imeharibika, hatalazimika kungoja kipuri kidogo kutoka ng'ambo.