Sababu ya flashi tupu kukataa faili kubwa

MPIGAPICHA anayerekodi harusi mtaani Milimani, Nakuru, huenda akaketi jioni, akaunganisha sherehe nzima kuwa faili moja ya gigabaiti saba, kisha akajaribu kuihamishia kwenye flashi mpya ya gigabaiti 32 ili wenye harusi waondoke nayo. Tarakilishi hukataa. Hudai faili ni kubwa mno, ilhali flashi haina kitu ndani yake.

Aghalabu lawama humwangukia muuzaji wa flashi. Bidhaa ghushi zipo sokoni, lakini hapa chanzo huwa ni mfumo wa faili, yaani daftari ambamo diski huandika kila faili iko wapi na ina ukubwa gani.

Flashi nyingi za kiwango hicho huuzwa zikiwa na mfumo wa FAT32, uliotolewa na kampuni ya Microsoft mnamo 1996. Katika mfumo huo, ukubwa wa faili huandikwa kwa biti 32 pekee, na nambari kubwa zaidi inayoweza kutoshea humo ni 4,294,967,295. Kwa hivyo, hakuna faili inayoweza kuzidi gigabaiti nne kasoro baiti moja. Ni sawa na daftari la madeni lenye safu ya tarakimu tatu: deni la Sh999 litaandikika, la Sh1,000 halina pa kuandikwa.

Kamera zinazotumia kadi za mfumo huo hulazimika kukata video na kufungua faili mpya kila mpaka huo unapofikiwa. Kamera inayorekodi megabiti 24 kwa sekunde itakata baada ya takriban dakika 24. Ile ya megabiti 100 haifikishi dakika sita. Hatari ni kwa anayenakili kipande cha kwanza akidhani ndicho chote, kisha akafuta kadi. Viapo vya maharusi huenda vilikuwa katika kipande cha pili.

Kuna pia suala la nafasi inayopotea. Diski hugawanywa vyumba vya ukubwa sawa, na faili hata iwe ndogo vipi hupewa chumba kizima, kama gunia lililojaa nusu linavyochukua nafasi ya gunia zima ghalani. Flashi ya FAT32 ya gigabaiti 32 kwa kawaida huwa na vyumba vya kilobaiti 16. Barua 10,000 za kilobaiti mbili kila moja, ambazo kwa haki zingetumia megabaiti 20 hivi, zitameza megabaiti 156.

Mbona basi vyumba visifanywe vidogo? Kwa sababu kila chumba huhitaji baiti nne katika jedwali la diski. Flashi hiyo ina vyumba milioni mbili, na jedwali lake ni megabaiti nane. Vyumba vya kilobaiti nne vingelifikisha megabaiti 32, kiasi ambacho katika miaka ya 1990 kilikuwa kumbukumbu yote ya tarakilishi nyingi.

Mfumo wa exFAT, uliotolewa mwaka wa 2006, uliondoa mpaka wa gigabaiti nne, na ndio unaotumika katika kadi za zaidi ya gigabaiti 32. Hata hivyo, kwenye diski ya gigabaiti 64, Windows huupa vyumba vya kilobaiti 128. Barua zile zile zitakula megabaiti 1,250! Unafaa video, si makaratasi ya ofisi. Isitoshe, hauweki kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea, hivyo umeme ukipotea au flashi ikichomolewa ghafla, faili zaweza kuharibika.

NTFS, wa tangu 1993, huweka kumbukumbu hiyo na hutumia vyumba vya kilobaiti nne. Barua hizo zitachukua megabaiti 39 hivi. Kasoro yake ni kuwa kamera nyingi haziutambui, na tarakilishi za Apple huusoma bila kuweza kuandika.

Windows inaweza kugeuza FAT32 kuwa NTFS bila kufuta kitu, kwa amri ya convert. Kuhamia exFAT hulazimu kufomati, na kufomati hufuta vyote, kwa hivyo nakala iwekwe kwanza mahali pengine. Baadhi ya ving'amuzi vilivyoingia sebuleni baada ya mitambo ya analojia kuzimwa mwaka wa 2015 husoma FAT32 pekee. Mteja mwenye king'amuzi cha aina hiyo akatiwe filamu yake vipande viwili, kila kimoja chini ya gigabaiti nne.