Lilichukuliwa na Nani? Sarufi ya Kiingereza Katika Njia ya Mkwawa

Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919, inaitaka Ujerumani iikabidhi serikali ya Mfalme wa Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi 6 tangu mkataba uanze kutumika. Mataifa makubwa yalikuwa yamekaa kumaliza vita vikuu, yakijadili mipaka, meli, makaa ya mawe na fidia, na katikati ya hayo yote likatajwa fuvu la mtawala wa Wahehe, mtu wa Kalenga. Wengi wetu tumesimuliwa habari ya ibara hiyo. Mimi hufundisha Kiingereza Mbeya, na nilipoisoma kwa Kiingereza chake nilikwama penye vitenzi vitatu.

Cha kwanza ni "will hand over". Hiyo ni kauli ya kutenda na mtenda yuko wazi: Ujerumani itakabidhi. Kisha linatajwa fuvu lenyewe, na kauli inageuka. Fuvu "was removed", liliondolewa katika nchi iliyoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na kisha "taken", likapelekwa Ujerumani. Hapo mtenda ametoweka. Nani aliliondoa? Kwa amri ya nani, na kwa kisu cha nani? Kisarufi sentensi hiyo haina kasoro hata moja, na ndiyo maana niliona inafaa kuifuata mpaka ilikoanzia.

Nilianzia karibu na nyumbani, Utengule Usongwe, upande wa Mbalizi. Hapa Merere, mtawala wa Wasangu, alijenga ngome baada ya watu wake kufukuzwa na Wahehe kutoka Usangu. Angalieni jinsi "na" inavyofanya kazi yake kwa uaminifu: walifukuzwa na Wahehe. Wajerumani walipoingia, Wasangu wakawa upande wao dhidi ya Mkwawa, na baadaye wakarudishwa Usangu. Safari hii "na" mara nyingi huachwa, ingawa waliowarudisha ni Wajerumani hao hao, na walikuwa na sababu zao. Msomaji anayejua nani aliwarudisha anaelewa pia kwa nini vita vya Iringa havikuwa vya Wahehe na Wazungu peke yao.

Jambo jingine la huku kwetu halisemwi sana. Mwaka 1899, mwaka mmoja tu baada ya kifo cha Mkwawa, jarida la chuo cha lugha za mashariki cha Berlin lilichapisha maelezo ya lugha zetu mbili. Carl Schumann, mmisionari, aliandika sarufi ya Kinyakyusa, ambacho wakati ule Wajerumani walikiita lugha ya Wakonde. Carl Velten akaandika juu ya Kihehe. Mwaka uliofuata Padre Cassian Spiss wa Wabenediktini akatoa mkusanyo wa maneno ya Kihehe, na mwaka 1905 Spiss huyo huyo, akiwa askofu, akauawa katika vita vya Maji Maji. Kwa hiyo Iringa ilikuwa haijapoa bado, na tayari vitenzi vya Wahehe vilikuwa vimepangwa kwenye karatasi za Berlin. Sidharau kazi hiyo; mtafiti wa leo anaihitaji. Lakini mpangilio wa miaka unasema mengi.

Lugha hizo ni ndugu wa Kiswahili. Kitenzi kinageuzwa humo humo tumboni mwake: ondoa, ondolewa. Kiingereza hakina njia hiyo. Kinahitaji neno la kusaidia, "be", likifuatwa na umbo la tatu la kitenzi kikuu. Wakati wote hubebwa na "be": "is removed", "was removed", "has been removed", "is being removed", "will be removed". Kitenzi kikuu hakitikisiki. Mwanafunzi anayeandika "was remove" amesahau nusu ya ujenzi, na anayeandika "is removed" akimaanisha jana amebadilisha kila kitu isipokuwa neno lililopaswa kubadilika. Nimesahihisha makosa hayo kwa miaka mingi, na sikuwahi kupata mfano wa kuyafundishia ulio mzuri kuliko fuvu hili.

Basi la Iringa linapita Igawa, Makambako na Mafinga, na baridi inakuwa kali misitu ya misonobari inapoanza. Nilipita mji wa Iringa bila kukaa, nikaendelea mashariki kwa barabara ya Morogoro hadi Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, kilivamiwa hapa na jeshi la Mkwawa. Wazungu 10 waliuawa, na askari zaidi ya 200, pamoja na wapagazi wengi. Masimulizi ya Wahehe yanasema Zelewski alichomwa mkuki na kijana. Hapa ndipo mwalimu anapopata sentensi ya kufundishia "by" na "with" kwa mara moja: aliuawa na kijana kwa mkuki, "by a young man with a spear". Mtu hufuatana na "by", kifaa hufuatana na "with", kama sisi tunavyotenga "na" na "kwa". Wanafunzi wengi huandika "with" mahali pote, na hapo mkuki na kijana huwa kitu kimoja.

Lugalo ilinifundisha pia kutoichukia kauli ya kutendwa. Vitabu vingi vya kisasa vya uandishi wa Kiingereza vinamwonya mwandishi aikimbie, kana kwamba ni ugonjwa. Hilo si sahihi. Ninapotaka kuwazungumzia wapagazi wale, watu waliobeba mizigo ya wengine wakafa katika vita visivyo vyao, nawaweka wao mwanzoni: wapagazi waliuawa. Sentensi inakuwa yao. Kama ningeanza na jeshi la Mkwawa, wangerudi tena mwisho wa msafara, mahali walipowekwa walipokuwa hai. Kauli ya kutendwa humpa aliyetendwa nafasi ya mbele, na mara nyingine hiyo ndiyo haki pekee anayoweza kupewa.

Kalenga iko kilomita kama 15 kutoka mjini, upande wa magharibi. Ngome ya Mkwawa ilishambuliwa mwishoni mwa Oktoba 1894, na tarehe 30 ya mwezi huo ikatekwa. Gavana Friedrich von Schele ndiye aliyeongoza, na Tom von Prince alikuwa miongoni mwa maofisa wake. Mizinga ilipiga kuta. Hata hivyo vitabu vya Kiingereza hupenda kusema "Kalenga fell", Kalenga ilianguka. Hiyo ni kauli ya kutenda, lakini mtenda hayumo, kana kwamba ukuta ulichoka ukalala. Sisi pia tuna njia yetu ya kufanya hivyo: ukuta ulibomoka ni tofauti na ukuta ulibomolewa. Kwa hiyo mwenye kutaka kuficha mkono halazimiki kutumia kauli ya kutendwa. Ana milango mingine.

Mkwawa alitoroka, akapigana vita vya kuvizia kwa miaka karibu 4. Nyuma yake Iringa ilibaki mikononi mwa Prince. Mwishoni mwa 1896 Mpangile, ndugu yake Mkwawa, alitawazwa. Mapema 1897 aliuawa. Someni sentensi hizo mbili kama zilivyo, na Mpangile anaonekana mtu aliyepandishwa na bahati akashushwa na balaa. Ziandikeni upya kwa kauli ya kutenda: Prince alimtawaza Mpangile, na majuma machache baadaye, akimshuku kwamba anamsaidia nduguye kwa siri, Prince huyo huyo akaamuru auawe. Sasa kuna mtu mmoja katika sentensi mbili, na historia imekaa wima. Mjini Iringa kuna mtaa unaoitwa Kitanzini, na wenyeji wanasema jina limetokana na kitanzi cha Wajerumani. Jina linataja kamba na mahali. Mwenye kamba hakutajwa.

Kwa kichwa cha Mkwawa ilitangazwa zawadi ya rupia 5,000. Ilitangazwa na serikali ya kikoloni, tuseme hivyo moja kwa moja.

Njia ya Mlambalasi inaacha barabara ya kwenda hifadhi ya Ruaha, kilomita kama 50 kutoka Iringa, katikati ya mawe makubwa na miti ya nchi kavu. Hapa, tarehe 19 Julai 1898, askari wa doria walioongozwa na Sajini Merkl waliona watu wawili wamelala. Wakapiga risasi. Walipokaribia wakakuta wote wawili wamekwisha kufa. Mkwawa alikuwa amejipiga risasi mwenyewe.

Nilikaa pale kaburini muda mrefu, nikiwaza juu ya kitenzi hicho. Kwa miaka 4 utawala mzima wa Wajerumani ulikuwa ukitafuta sentensi moja, Mkwawa amekamatwa, au hata Mkwawa ameuawa. Kila kimoja kati ya vitenzi hivyo kinahitaji mtenda, na mtenda angekuwa wao. Mkwawa alijiua. Mtenda na mtendwa wakawa mtu mmoja, na adui hakubakiziwa nafasi katika sentensi hiyo. Risasi za Merkl zilifika zimechelewa. Siusifii hapa uamuzi wa mtu kujitoa uhai. Nasema tu kwamba wanaoandika Mkwawa aliuawa na Wajerumani, na nimewasoma hata katika maandishi ya Watanzania, wanawapa Wajerumani kile walichokosa.

Na watu wake je? Wahehe walifiwa. Hapa Kiingereza kinashindwa, na kila mwalimu anajua jinsi kinavyoshindwa. Kitenzi "die" hakibebi yambwa, kwa hiyo hakiwezi kugeuzwa kuwa cha kutendwa. Mtoto anaandika "I was died by my father", nasi tunachora mstari mwekundu. Lakini mtoto huyo ametoka katika lugha yenye akili ya kusema kwamba kifo humfika pia aliyebaki. Nimefiwa, amefiwa, wamefiwa. Mstari mwekundu uchorwe, maana Kiingereza kina sheria zake na mtihani una majibu yake. Ila mwalimu amweleze kwa nini amekosea, na akiri kwamba Kiswahili kinaweza jambo ambalo Kiingereza hakiwezi. Kwa Kiingereza itabidi aseme "I lost my father", kana kwamba alimpoteza njiani.

Sasa turudi kwenye swali la ibara ya 246. Liliondolewa na nani? Jibu lipo, na Merkl ndiye aliyelitoa kwa maelezo yake mwenyewe: aliamuru askari wamkate kichwa marehemu na kukibeba. Kichwa kikaletwa Iringa kwa Prince, kiwe ushahidi. Kiwiliwili kikabaki Mlambalasi. Majina yote hayo yalijulikana mwaka 1919. Horace Byatt, aliyekuwa akitawala Tanganyika kwa niaba ya Waingereza, ndiye aliyependekeza mwishoni mwa 1918 kwamba fuvu lidaiwe, kwa hoja kwamba Wahehe waliwasaidia Waingereza vitani. Waandishi wa mkataba hawakukosa habari. Walichagua kulitaja fuvu kama mzigo uliohamishwa, na kukata shingo ya maiti hakumo kabisa katika ibara. "Removed" ni neno linaloweza kutumiwa hata kwa meza.

Ujerumani ilijibu kwamba haina fuvu hilo, na miezi 6 ikapita, na miaka ikapita. Katika miaka ya 1950 Gavana Edward Twining alilifufua suala, akaenda Bremen kwenye jumba la makumbusho lililokuwa na mafuvu kama 2,000. Yaliyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani yalitengwa, yakapimwa, na likachaguliwa lililolingana kwa vipimo na vichwa vya ukoo wa Mkwawa. Tarehe 19 Juni 1954, pale Kalenga, Twining alimkabidhi fuvu hilo Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Spika wa Bunge. Kiingereza kinaruhusu sentensi hiyo igeuzwe kwa njia mbili: "Adam Sapi was given the skull", au "The skull was given to Adam Sapi". Mimi nachagua ya kwanza, kwa sababu mjukuu ndiye aliyesubiri.

Wapo wataalamu wanaotilia shaka kwamba lile ndilo. Huandika "is believed to be", linaaminika kuwa lake, na hapo pia swali ni lile lile: linaaminika na nani? Vipimo ni vya Twining na Bremen. Kulipokea ni kwa Wahehe, ambao wamelitunza Kalenga katika jumba la kumbukumbu tangu siku ile. Mambo hayo mawili yanastahili sentensi mbili, kila moja na mtenda wake.

Iringa mjini kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kinachowaandaa walimu wa shule za sekondari, wakiwemo wa Kiingereza. Ombi langu ni kwao, na kwa wenzangu wa Mbeya, Njombe na Mafinga ambao kila mwaka huandika ubaoni kwamba barua iliandikwa na Juma na chai ilinywewa na Asha. Tuandike ibara ya 246. Tuwaulize vijana kitenzi kipi ni cha kutenda na kipi ni cha kutendwa, wakati umebebwa na neno gani, na "by" iko wapi. Kisha tuwape kazi ya nyumbani: waandike upya sentensi ile, na baada ya "by" waweke jina la Merkl.