Baba Panya Akipatwa na Msongo: Swali Lililochelewa Kuulizwa

Mengi unayosoma kuhusu msongo yalianza kwa panya wa maabara. Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal nchini Kanada, alichapisha barua fupi kwenye jarida la Nature. Alieleza kwamba panya akikaa kwenye baridi kali, akijeruhiwa au akipewa dawa kwa kiwango cha sumu, mwili wake hujibu kwa namna ile ile: tezi zilizo juu ya figo huvimba, na tumbo hupata vidonda. Miaka miwili kabla yake, Calvin Hall alikuwa ameanza kupima woga wa panya kwa kumweka kwenye uwanja wa wazi na kuangalia anafanya nini. Basi zana zikawepo. Msongo ukapimika, na wasiwasi nao ukapimika.

Lakini kuna mtu hayumo kwenye hadithi hii: baba. Sababu iko wazi. Panya dume wa maabara kwa kawaida hashughuliki na watoto. Hata ukiangalia mamalia wote, spishi ambazo dume husaidia kulea hazifiki asilimia 10. Kwa hiyo utafiti wa malezi ukawa, kwa miaka mingi, utafiti wa mama.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1967. Jay Rosenblatt wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, aliwaweka pamoja vichanga na panya ambao hawajawahi kuzaa, siku baada ya siku. Mwanzoni panya hao hawakuwajali. Baada ya karibu wiki moja wakaanza kuwalamba, kuwakusanya na kuwakalia wapate joto. Na si majike tu, hata madume walifanya hivyo. Maana yake ni kwamba uwezo wa kulea umo kwenye ubongo wa dume pia, ila kuna kitu kinauzuia.

Kitu gani? Mwaka 1981 Alison Fleming na mwenzake walitoa jibu kwa upande wa majike: woga. Jike ambaye hajazaa ni mwoga kuliko aliyezaa, na kichanga kwake ni kitu kigeni. Wazo hili linaingia akilini haraka. Ukipunguza wasiwasi unapata mlezi, ukiongeza msongo unampoteza. Ungetarajia iwe hivyo kwa baba pia, sivyo?

Sasa subiri kidogo, maana hapa watafiti walibadilisha mnyama. Katika miaka ya 1970, Lowell Getz alikuwa akitega wagugunaji wa porini huko Illinois. Mara kwa mara alikuta jike na dume wale wale wamenaswa pamoja. Walikuwa Microtus ochrogaster, mgugunaji mdogo wa nyika mwenye mkia mfupi. Getz akaungana na Sue Carter, na ikathibitika kwamba wanyama hawa huishi wawili wawili, na dume hukaa kiotani akiwapa watoto joto.

Mwaka 2006 Karen Bales, Carter na wenzao waliwaogelesha wanyama hawa kwa lazima, jambo linalowapa msongo, kisha wakawapa vichanga. Majike hawakubadilika. Madume, tena ambao hawajawahi kuwa baba, walilea ZAIDI. Kinyume kabisa cha ulichotarajia. Huenda kwa mnyama anayeishi kifamilia, hatari ni sababu ya kusogea karibu badala ya kukimbia. Lakini hiyo ni tafsiri.

Je, wasiwasi mdogo humfanya dume awe baba mzuri? Maabara ya Wendy Saltzman huko Riverside, California, ililichunguza swali hili kwa Peromyscus californicus, panya mwingine ambaye baba hulea. Mwaka 2012 walieleza kwamba madume wanaojali vichanga kweli huwa hawaogopi sana vitu vigeni. Ila walipochunguza kama kupungua kwa woga ndiko kunakoleta ulezi, jibu likawa hapana. Vitu viwili vinaandamana, lakini kimoja si chanzo cha kingine. Mwaka uliofuata walitoa matokeo ya msongo wa kujirudiarudia: tabia ya baba kwa familia yake ilibadilika, ila ukuaji wa watoto haukuathirika.

Kwa panya mdogo wa nyumbani, picha ni nyingine tena. Dume asiyewahi kupanda jike mara nyingi huua vichanga. Mwaka 1982 Frederick vom Saal na Lynn Howard walionyesha kwamba baada ya kupanda, tabia hiyo hupungua kadiri siku za watoto wake kuzaliwa zinavyokaribia. Mwaka 2014 maabara ya Catherine Dulac, Harvard, ilipata seli za ubongo ambazo zikiamshwa, dume muuaji huacha kuua. Mwaka 2021 wakaeleza seli zinazofanya kinyume, zinazosukuma mnyama kuwapuuza au kuwashambulia vichanga. Seli hizo zina urokotini-3, kemikali ya ukoo mmoja na ile inayoanzisha mwitikio wa msongo mwilini. Kwa hiyo msongo na ulezi vinakutana ubongoni, hilo halina ubishi. Ila vinakutana kwa njia tofauti kwa kila mnyama.

Haya yana uzito hata kwako. Siku moja utakutana na kichwa cha habari kinachosema sayansi imethibitisha kuwa msongo humharibu baba. Huenda wakati huo wewe mwenyewe ni baba mpya, kodi inadaiwa na usingizi hakuna, na ukaanza kuamini kwamba umeshashindwa. Kabla hujaamini, uliza maswali matatu. Ni mnyama gani? Ni msongo wa mara moja au wa kila siku? Na je, walionyesha chanzo, au vitu viwili vinavyoandamana tu?

Panya hawezi kukuambia wewe ni baba wa namna gani. Anachoweza kutufundisha ni kwamba kwa miongo kadhaa tulikosa jibu kuhusu baba kwa sababu tulichagua mnyama ambaye baba yake hayupo.